Barrios Mangoré: alimtangulia Segovia kwenye santuri, akapiga gitaa amevaa manyoya, kisha akasahaulika. Ilikuwaje?

Nyuzi Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ukifunguliwa uzi wa gitaa la klasiki humu, jina ni lilelile: Segovia, yule mpiga gitaa wa Hispania. Segovia alilitoa gitaa vilabuni akaliingiza kwenye kumbi kubwa, bila Segovia tusingekuwa na hiki wala kile. Sina ugomvi na mzee, kazi aliifanya. Ila kuna mtu aliyezaliwa miaka minane kabla yake, akaingia kwenye santuri zaidi ya miaka kumi kabla yake, na vipande alivyotunga ndivyo leo wanafunzi wa gitaa wanavyohangaika navyo kila pembe ya dunia. Anaitwa Agustín Barrios, wa Paraguay. Alikufa 1944, na mpaka miaka ya 1970 inafika katikati, nje ya Amerika ya Kilatini walikuwa wakimjua wachache mno.

Nataka tuiangalie kazi yake kama kazi: alikula wapi, jina alilijengaje, na wapi palimkwamisha. Jibu linalozunguka mitandaoni ni kwamba Segovia alimbania. Ni jibu tamu, lina mwema na mbaya wake. Mimi silimezi lote, na nitasema sababu. Tulieni, ni ndefu.

Barrios alizaliwa Mei 1885 huko Misiones, kusini mwa Paraguay. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitano tu tangu nchi hiyo itoke kwenye vita na Brazil, Argentina na Uruguay kwa mpigo (1864 hadi 1870), vita vilivyofyeka sehemu kubwa ya watu wake, wanaume hasa. Nchi inayojiokota kutoka kwenye magofu haina uwezo wa kumlisha mpiga gitaa wa kumbi. Hilo liwekeni akilini, maana ndilo lililomfanya awe mtu wa begi mkononi maisha yake yote.

Nyumbani kwao muziki na vitabu vilikuwepo. Bado kijana mdogo akampata mwalimu wa kweli, Gustavo Sosa Escalada, aliyemfungulia mlango wa Sor, Aguado na Tárrega, watunzi wa gitaa wa Hispania. Akaenda Asunción kusoma, jina likaanza kuvuma. Mwaka 1910 akavuka mpaka kuingia Argentina kwa ajili ya maonyesho, na haikuwa safari ya kwenda na kurudi: ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hajaonekana tena kwao.

Buenos Aires na Montevideo za wakati ule ilikuwa miji yenye pesa, iliyojaa wahamiaji wa Kihispania, na gitaa lilikuwa na wenyewe. Walikuwepo walimu waliofuata njia ya Tárrega, kama Domingo Prat, na Miguel Llobet mwenyewe, mwanafunzi wa Tárrega, alikuwa akifika kupiga. Hawa ndio waliokuwa wakiamua nani ni msanii na nani ni mpiga wa mtaani. Barrios hakutoka mikononi mwao. Halafu gitaa lake lilikuwa na nyuzi za chuma.

Hapo kwenye nyuzi tusimame kidogo, maana wengi wanapapita mbio. Kabla ya nailoni, nyuzi tatu nyembamba za gitaa la klasiki zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Sauti yake ni laini na ya joto, lakini uzi wenyewe ni mdeko: unyevu ukipanda unalegea, jasho la vidole linaukwangua, na unaweza kukatika katikati ya kipande watu wakiwa wamenyamaza wanakusikiliza. Chuma kinavumilia. Sauti yake inafika mbali na inakaa hewani muda mrefu, ila ina ukali wa bati. Barrios alikuwa akibandika vipande vidogo vya mpira kwenye nyuzi, karibu na daraja la gitaa, ili kuupunguza ukali huo. Kwa mtu anayezunguka nchi za joto mwaka mzima, uamuzi huo una akili zake. Kwa wakubwa wa Buenos Aires ilikuwa ni kama kuingia kanisani na kofia.

Nailoni iliingia sokoni nusu ya pili ya miaka ya 1940, kazi ya Albert Augustine wa New York, Segovia akiwa anamsukuma. Barrios alikuwa ameshazikwa.

Sasa santuri. Kuanzia mwaka 1913 hivi Barrios alikuwa anarekodi, kwanza kwa lebo ya Atlanta, baadaye kwa Odeon. Yumo miongoni mwa wapiga gitaa wa klasiki wa mwanzo kabisa duniani kuingia kwenye santuri. Segovia alirekodi mara ya kwanza 1927, London, wakati maikrofoni zimeshafika. Barrios alianza enzi za kupiga mbele ya pembe kubwa ya bati, ambapo chombo chenye sauti ndogo kinamezwa. Nadhani hapo chuma kilimsaidia, ingawa masikio ya leo yakisikia zile santuri yanalalamika.

Naendelea baadaye kidogo. Maswali karibuni.

Kidole Gumba

Nimeweka kambi. Ila mkuu unazunguka mbuyu. Segovia alimbania au hakumbania? Jibu kwa neno moja.

Mpenzi Msikilizaji

Sijawahi kulisikia jina hili maishani, na nimesikiliza gitaa tangu utoto. Endelea.

Nyuzi Sita

Kidole Gumba, neno moja halitoshi, lakini tuuendee mbuyu wenyewe.

Walikutana Buenos Aires mwaka 1921. Barrios alikuwa ametoka kutunga kipande chake La Catedral huko Montevideo mwaka huohuo, akampigia Segovia. Kwa barua aliyoiandika Barrios mwenyewe kwa mfadhili wake, Segovia alikipenda na akataka nakala yake. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Kilichofuata ni kimya. Segovia aliishi mpaka 1987, akafikisha miaka 94, akarekodi santuri kwa makumi, na humo hakuna hata kipande kimoja cha Barrios.

Wanaosema alimbania wanaishia hapo. Lakini angalieni Segovia alikuwa anajenga nini. Yeye hakuwa mtunzi wa kutegemewa na alilijua hilo. Mpango wake ulikuwa kuwashawishi watunzi wa muziki wa okestra, watu wasiopiga gitaa, waliandikie gitaa: Moreno Torroba, Turina, Ponce, Castelnuovo-Tedesco, Villa-Lobos (huyu gitaa alilijua), baadaye Rodrigo. Shabaha ilikuwa wakuu wa vyuo vya muziki waache kusema kwamba gitaa ni chombo kinachotungiwa na wapigaji wake tu. Vipande hivyo akavichapisha kwa Schott, nyumba kubwa ya Ujerumani, kuanzia miaka ya 1920. Paris 1924, New York 1928. Halafu akawa na wanafunzi, na wanafunzi wakawa walimu, na walimu wakafundisha orodha ileile ya vipande.

Barrios alikuwa wa aina ile ya zamani: anatunga mwenyewe, anapiga mwenyewe, anaondoka na nota zake kichwani au kwenye makaratasi yaliyokunjwa. Kwenye mpango wa Segovia mtu wa namna hiyo hana pa kukaa, awe hodari kiasi gani. Kwa hiyo jibu langu: hakuna aliyehitaji kumfungia mlango. Njia iliyojengwa haikupita kwake. Wivu nao huenda ulikuwepo, wapigaji ni binadamu, lakini ukiuondoa wivu wote matokeo yanabaki yaleyale.

Bi Nota

Mwanzisha uzi umeandika vizuri, ila unalipita jambo moja kwa kunyata. Nimelisoma gitaa darasani, La Catedral nimeipiga, vile viwaltsi vyake (vipande vya kucheza vya mapigo matatu) nimevipiga. Ni vitamu sana vidoleni. Lakini mwaka 1921 Stravinsky, mtunzi wa usasa, alikuwa ameshaitikisa Paris kwa miaka minane, na huyu bwana anatunga kama Chopin bado yuko hai. Mtu wa chuo cha muziki Ulaya akiletewa waltsi ya namna hiyo atasema imechelewa miaka themanini. Hilo halina uhusiano na nyuzi za chuma wala Segovia.

Nyuzi Sita

Bi Nota, hoja ina uzito na sitaikwepa. Ni kweli, lugha yake ni ya karne ya kumi na tisa. Chopin yumo, Bach yumo, muziki wa Schumann Barrios aliupanga kwa gitaa na kuurekodi. Ukitaka usasa kwa Barrios utatafuta mpaka uchoke.

Ila mambo mawili. Kwanza, Segovia naye hakuwa mtu wa usasa. Vipande vingi alivyoagiza ni vya mtindo wa karne ya kumi na tisa na vya Kihispania, na vilivyomkera masikio aliviweka kando. Kwa hiyo kuchelewa kwa miaka themanini hakukuwa kosa mbele ya Segovia.

Pili, na wewe umeshaligusa uliposema "vitamu vidoleni". Mtunzi asiyepiga gitaa huandika sauti anayoitaka, kisha mpigaji anatafuta pa kuweka vidole, na mara nyingi kuna kitu kinaachwa njiani. Barrios anaandika akiwa amekwishajua uzi upi uachwe wazi ulie wenyewe, kidole kipi kibaki kimeshikilia wakati vingine vinahama. Sehemu ya mwisho ya La Catedral inakimbia kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini mkono wa kushoto una vituo vya kupumzikia ambavyo msikilizaji havioni. Ndiyo maana kinasikika kigumu kuliko kilivyo, na onyesho linakipenda kitu cha namna hiyo.

Kuna Un sueño en la floresta, kile cha tremolo, yaani vidole vinarudia noti moja haraka haraka mpaka isikike kama haikatiki. Mle juu kabisa kuna noti ya do inayohitaji freti ya 20 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo ya gitaa). Magitaa mengi ya klasiki yanaishia freti 19. Wapo mafundi wanaoongeza kipande cha freti chini ya uzi wa kwanza peke yake ili hiyo noti moja ipatikane. Mtunzi wa mezani asingethubutu kuiweka.

Bi Nota

Hapo kwenye tremolo nakubali. Kwenye waltsi nabaki na msimamo wangu.

Mchele Mmoja

Hamjafika kwenye manyoya. Nimeona picha zake amevaa kama chifu wa porini, kifua wazi, gitaa mkononi. Mtu anayepiga Bach anajivika hivyo kwa nini? Mimi naona ni kujidhalilisha ili wazungu wacheke.

Nyuzi Sita

Nilikuwa naja huko.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa Brazil, mambo yamembana. Umri umeshapita arobaini na mitano, amezunguka kila mji unaozungukika, wapigaji wa Hispania ndio wenye mvuto mpya. Akaibuka na jina jipya: Nitsuga Mangoré. Nitsuga ni Agustín kinyumenyume. Mangoré ni chifu wa kwenye masimulizi ya enzi Wahispania walipokuwa wanaingia eneo la mto Paraná. Jukwaani akatoka na manyoya kichwani na mavazi ya asili, na mabango yakamtangaza kuwa Paganini (yule bingwa wa fidla) wa gitaa kutoka misitu ya Paraguay.

Ilifanya kazi. Watu walikuja kuona kiroja, wakamkuta mtu anayepiga Bach na Chopin bila kukosea. Kwa jina hilo alizunguka Brazil, Venezuela na Amerika ya Kati, nchi baada ya nchi, kumbi zikijaa.

Kuhusu kujidhalilisha: Kiguarani, lugha ya watu wa asili wa huko, alikizungumza, na Paraguay ni nchi ambayo mpaka leo watu wengi wanazungumza Kiguarani, wa mjini na wa shamba. Hakukodi utamaduni wa watu wa mbali. Lakini pia hakuwa chifu wala hakutoka msituni. Alikuwa mtu wa shule, msomaji wa mashairi, mvaaji wa suti. Lilikuwa vazi la biashara.

Na kabla hatujamcheka, mkumbuke kisa cha Segovia na Ponce. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Manuel Ponce wa Mexico alitunga suti ya gitaa (si vazi, ni mfululizo wa vipande vinavyokwenda pamoja) kwa mtindo wa kale, na Segovia akaipiga jukwaani kwa jina la Sylvius Leopold Weiss, mpiga luti wa Kijerumani wa zama za Bach. Watu walipiga makofi kwa ajili ya Weiss. Wote wawili walijua kwamba ukumbi unanunua jina kabla ya kununua sauti. Mmoja alivaa manyoya, mwenzake aliazima marehemu.

Mchele Mmoja

Mkuu hapo umelinganisha visivyolingana. Weiss hakuonewa na mtu kwa ajili ya ile suti, ulikuwa mchezo wa wasomi wawili, wakacheka wenyewe. Manyoya yale yaliwathibitishia watu wa mjini kwamba mtu wa asili wa Amerika ni kiumbe wa maonyesho. Watu wa asili wenyewe walikuwa wanauawa kipindi hichohicho. Wewe ulitaja Amerika ya Kati. El Salvador 1932 kilitokea nini?

Nyuzi Sita

Mchele Mmoja umenigusa pale ambapo nami sina raha napo.

Kwa ambao hawajui: Januari 1932 wakulima wa magharibi mwa El Salvador waliinuka, wengi wao Wapipil, watu wa asili. Serikali ya jenerali Maximiliano Hernández Martínez iliwajibu kwa mauaji ambayo hesabu zake hutajwa kuanzia watu elfu kumi na kuendelea. Baada ya hapo watu waliacha kuvaa mavazi yao na kuzungumza lugha yao hadharani, kwa kuhofia kutambuliwa. Ni katika nchi hiyo Barrios alipita mwaka uliofuata akiwa Mangoré, manyoya kichwani, akashangiliwa. Na rais yuleyule ndiye baadaye aliyempa hifadhi na kazi.

Barrios mwenyewe alifikiri nini juu ya hilo, hakuna andiko lake ninaloweza kuliweka hapa. Mwanamuziki mgonjwa, asiye na akiba, akipewa mshahara na paa, huwa hachagui sana mkono unaompa. Simtetei, naeleza.

Kidole Gumba

Uzi umekuwa mzito ghafla. Turudi kwenye pesa: kati ya 1910 na hayo manyoya alikuwa anaishije? Gitaa pekee linalisha mtu?

Nyuzi Sita

Kwa shida. Segovia alikuwa na mawakala wa kimataifa, na Marekani aliishia mikononi mwa Sol Hurok, wakala ambaye akikuchukua unapigiwa kalenda ya mwaka mzima. Barrios hakuwahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Anafika mji, anajitambulisha kwa wenye magazeti na wapenzi wa gitaa, inapatikana sinema au ukumbi wa klabu, anapiga, anasonga mbele.

Kilichomshika mkono ni wafadhili. Wa kwanza ni Martín Borda y Pagola, mfugaji tajiri wa Uruguay aliyelipenda gitaa kama kichaa. Alimkaribisha, alimsaidia, na jambo kubwa kuliko yote alimkalisha chini aandike. Barrios alikuwa mzembe wa kuandika. Kitu kikishakaa vidoleni aliona kimeshatungwa. Nota nyingi za miaka ya Uruguay ziko hai kwa sababu Borda y Pagola alizitunza kwenye makabati yake. Ukisikia kwamba vipande zaidi ya mia vya Barrios vimesalimika, jua kwamba vilivyopotea navyo ni vingi.

Wa pili ni Tomás Salomoni, balozi wa Paraguay nchini Mexico. Huyu ndiye aliyemvusha kwenda Ulaya mwaka 1934. Akapiga Brussels kwenye chuo cha kifalme cha muziki, akaenda Berlin, akafika Hispania. Mnasubiri niseme hapo ndipo jina lilipolipuka? Halikulipuka. Alisifiwa, akapigiwa makofi, na mwanzoni mwa 1936 akarudi Venezuela. Miezi michache baadaye Hispania ikaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na miaka mitatu mbele Ulaya nzima. Angefika Ulaya 1920 akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, leo huenda tungekuwa tunajadili kitu kingine. Alifika na miaka karibu hamsini, moyo ukiwa umeanza kuchoka.

Hapa ndipo ninapoliona tatizo lenyewe. Kazi ya mpiga gitaa wa klasiki karne ile ilihitaji vitu vitatu vishikane kwa wakati mmoja: lebo yenye mikono mirefu, mchapishaji, na wakala. Barrios alikuwa na lebo iliyouza Amerika ya Kusini tu. Mchapishaji wa maana hakuwa naye. Wakala, hakuna. Kipaji kilimvusha mji hadi mji, lakini hakuna kilichobaki nyuma yake alipoondoka mjini. Miezi sita akishaondoka, hakuna nota dukani kwa ajili ya mwanafunzi aliyemsikia akataka kujaribu.

Mpenzi Msikilizaji

Sasa kama hakuacha kitu, sisi tumemjuaje?

Nyuzi Sita

Kwa wanafunzi, na kwa wabishi wachache.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alitua San Salvador na kuanza kufundisha kwenye chuo cha taifa cha muziki. Alikuwa na kikundi kidogo cha wanafunzi, wanatajwa kuwa kumi na wawili, ambao waliitunza mitindo yake ya vidole na nakala zake. Huko ndiko alikoishi miaka ya mwisho. Mwaka 1938, akiwa Havana, alikuwa ameiongezea La Catedral utangulizi, ule Preludio saudade wa kusikitika ambao leo watu wanadhani ulikuwepo tangu mwanzo. Kipande chake cha mwisho ni cha tremolo, Una limosna por el amor de Dios, yaani sadaka kwa ajili ya Mungu. Inasimuliwa kwamba kilitokana na ombaomba aliyegonga mlango, na ukisikiliza besi yake, kugonga huko kupo, kunarudi na kurudi chini ya tremolo. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 Agosti 1944. Hernández Martínez alikuwa ameangushwa miezi mitatu kabla. Barrios alizikwa San Salvador.

Baada ya hapo Mparaguay Cayo Sila Godoy akaanza kuokota nota na santuri nchi kwa nchi. Alirio Díaz wa Venezuela akawa anapiga vipande kadhaa kwenye maonyesho yake. Mnajua utamu uko wapi? Díaz alikuwa mwanafunzi wa Segovia. Na Díaz ndiye aliyemwonyesha vipande hivyo John Williams, mwanafunzi mwingine wa Segovia. Mwaka 1977 Williams akatoa santuri nzima ya Barrios, kipindi hichohicho Mmarekani Richard Stover akichapisha nota zake kwa juzuu. Santuri ikawa na nota zake dukani. Kile kilichokosekana 1913 kilipatikana 1977, miaka thelathini na mitatu baada ya mwenyewe kufa.

Kwa hiyo wale wa "Segovia alimbania" watueleze kwa nini wanafunzi wa Segovia ndio waliomfufua.

Kidole Gumba

Walimfufua kwa sababu mwalimu hakuwafundisha, wakatafuta wenyewe. Hiyo haimsafishi mzee.

Nyuzi Sita

Sawa, hapo umenibana kidogo. Ila kumbuka waliweza kutafuta kwa sababu walikuwa na majukwaa, na majukwaa aliyajenga nani?

Bi Nota

Mkibishana zaidi mtafika asubuhi. Mimi niongeze jambo moja la upande wa sauti. Wengi wanamsikiliza Williams 1977, wanapenda, kisha wanaenda kwenye santuri za Barrios mwenyewe wanashtuka: mwendo unayumba, anaburuta noti, anaharakisha pasipoandikwa. Sio uzembe. Ndivyo watu wa kizazi chake walivyopiga, hata wapiga piano. Williams amenyoosha kila kitu. Ni safi, lakini ukimsikiliza yeye tu utaamini kuwa Barrios alikuwa mtu wa saa ya ukutani.

Nyuzi Sita

Nondo hiyo. Na ndiyo maana nawashauri wanaoanza waende kwa mwenyewe mapema, wasisubiri.

Mpenzi Msikilizaji

Basi tupe mpangilio. Nianzie wapi mtu ambaye sipigi, nasikiliza tu?

Nyuzi Sita

Anza na Julia Florida, ya 1938. Ni fupi, inabembea, hata asiyejua gitaa haimpiti. Kisha La Catedral kwa John Williams, sehemu zote tatu. Halafu itafute La Catedral ya Barrios mwenyewe aliyoirekodi Odeon mwishoni mwa miaka ya 1920. Utasikia inaanzia moja kwa moja kwenye zile kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nzito za pole za sehemu iitwayo Andante religioso, bila utangulizi, kwa sababu utangulizi ulikuwa haujatungwa. Usikate tamaa na mikwaruzo, sikio huzoea baada ya dakika moja.

Ukitaka Barrios wa kucheza, chukua Danza paraguaya na Maxixe. Ukitaka wa usiku, Una limosna. Berta Rojas, Mparaguay, anampiga bila kumnyoosha kama Williams, na kwa ladha yangu ndiye anayezijua ngoma za kwao zinavyotembea. Wanaopiga, msianze na Las abejas kwa sababu tu mmeona mtu anaikimbiza kwenye video. Mikono itauma na kipande hakitakuwepo.

Mchele Mmoja

Na Paraguay wenyewe, wanamjali au ndio kama kawaida nabii na kwao?

Nyuzi Sita

Wamemweka kwenye noti ya guaraní 50,000. Amechorwa na gitaa lake, na amevaa suti.